Chachu Niliyoitia kwa Kunong'ona

Mama mshauri mpendwa, haya ninayokuandikia hayajawahi kutoka mdomoni mwangu, si kwa rafiki yangu wa darasani, si kwa paka wetu, kwa hiyo naomba uyasome hadi mwisho kabla hujanicheka. Nimeharibu chachu ya ukoo wetu, ile kveik ya babu, au labda sijaiharibu, na huko kutojua ndiko kunakonimaliza.

Babu yangu Torgeir aliteleza kwenye barafu akavunjika mkono, na hapa bondeni kwetu Voss nyumba yetu haijawahi kukosa bia ya Krismasi, basi akasema mwaka huu nitapika mimi, yeye atakaa kwenye kigoda aniamrishe. Nilichemsha maji na matawi ya mti wa einer, ule wa vimiba unaonukia, nikaloweka kimea kilichosagwa, nikachuja juu ya matawi yale yale, nikayarudisha jikoni yale maji matamu yakatokota hadi yakawa mekundu kama chai ya rangi, na mpaka hapo, mama, nilijiona mtu miongoni mwa watu. Kisha mkono ukaanza kumuuma, akainuka kwenda kujilaza, akaniachia maneno haya tu: "Ikifika vuguvugu la maziwa, tia chachu. Na upige kelele, mjukuu wangu. Bia isiyopigiwa kelele haina nguvu."

Sasa shida ikaanzia hapo, maana babu akisema maziwa anayaona yakitoka kwenye kiwele, lakini ng'ombe wake aliwauza kabla sijazaliwa, maziwa ninayoyajua mimi yanatoka kwenye jokofu, na niliona aibu kumfuata kumuuliza. Nikafungua kitabu cha Kiingereza cha kupika bia nilichopewa na shangazi, kinasema maji yapozwe vizuri kwa sababu joto linaiharibu chachu, nikaona kitabu na jokofu vinakubaliana, nikayamimina pipani, nikalirundikia pipa theluji mpaka likawa baridi. Na ile kelele, mimi hata mwalimu akiita jina langu naitika moyoni. Nikaiangua ile pete ya vipande vya mbao ambayo chachu yetu hukaukia juu yake, nikaitumbukiza, nikanong'ona, "Haya, amkeni."

Asubuhi babu akaniuliza, "Jana sikusikia kelele. Ama uliwapa mkono mmoja mmoja ukawaamkia?" Nikacheka naye, lakini nilipokwenda kufunua pipa nikakuta kimya, hakuna povu, hakuna kitu, na siku iliyofuata vile vile, nikajua nimeua. Kile kitabu kilikuja na pakiti ya chachu ya bure. Nikaimwaga yote pipani.

Povu likapanda. Babu akatega sikio pipani, akasema, "Unasikia? Inaongea kuliko wewe." Akaniambia nichovye pete kwenye povu niianike, kama inavyofanywa kila mwaka, ili chachu ibaki ya mara nyingine, na mimi, mama, nikaichovya.

Majirani walipokuja kuonja, babu alikunywa, akakitazama kikombe, akasema, "Bia hii ina adabu." Watu wakaangua kicheko na pipa likashuka hadi tone la mwisho, mimi mpaka leo sijui nilisifiwa au nilitukanwa. Halafu babu akaniletea ile pete chumbani akaitundika ukutani, akasema kuanzia sasa ni yako. Na jirani yetu Sjur ameshanitahadharisha: "Binti, Jumamosi nakuja kukata kipande cha pete nikapikie bia, kama Ingrun wa ng'ambo ya ziwa alivyokata wakati wa kiangazi. Namwoza binti yangu, sitaki watu wanywe harusini kama wako matangani."

Sasa nimpe nini? Kwenye pete pamekaa ya babu au ya pakiti, au zote mbili? Ni baridi iliyoiua au ni kule kunong'ona? Na kama bia ilikuwa mbovu mbona waliimaliza, na kama ilikuwa nzuri mbona babu alikitazama kikombe vile? Nikisema nitamvunja moyo kabla mkono haujaunga, nisiposema harusi ya watu itanywewa uongo wangu, na kila atakayekata kwa Sjur naye atakata uongo. Nasikia fimbo ya babu kwenye ngazi, anakuja upande huu, naisukuma karatasi chini ya godoro, nita

*

Binti wa Voss,

Barua yako imefika imekunjamana na haina jina, lakini nimeielewa. Pole. Sasa kaa nikuseme.

Hukuua chachu. Kveik imezoea joto la kiwele, wewe ukaizika kwenye theluji, ikalala. Ungeivumilia kidogo au ungelisogeza pipa karibu na moto ingeamka. Kitabu chako nacho hakikudanganya, kilieleza chachu ya kwao, nawe ukakiuliza habari za nyumba yenu huku mwenye nyumba amelala chumba cha pili. Kosa lako si baridi wala kunong'ona. Ulikuwa na swali la maneno matatu, "Maziwa yapi, babu?", ukalimeza.

Kwenye pete hiyo sasa zimo zote mbili, na hakuna wa kuzitenganisha, wala mimi. Sjur asipewe hata kibanzi.

Shuleni wamekujaza Kiingereza, je, jina la kveik umewahi kulifikiri? Ni kuwasha moto. Moto ukizimika kwako hukai gizani ukaandikia gazeti, unakwenda kuomba kaa la moto kwa jirani. Kwa nini unadhani wazee wa bondeni hawanyimani chachu? Kila anayekata kipande anakuwekea akiba. Ingrun alikata kiangazi, kabla ya pakiti yako. Chachu ya babu yako iko kwake, nzima, na umeiandika mwenyewe katika barua hii bila kuiona.

Kwa hiyo mwambie babu leo, kabla ya Jumamosi. Usiogope sana. Mtu aliyekunywa bia yake maisha yake yote akasema hii ina adabu, ameshajua kuwa si yake. Amekusubiri useme. Chemsha pete, isugue, ianike, uende nayo kwa Ingrun uichovye tena katika chachu yenu. Sjur mwambie atapata chake baada yako.

Na ukishapika tena, pima joto kwa kiwiko, kama maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Halafu fungua mlango wa nyumba ya kupikia, utie chachu, upige kelele mpaka babu akuitikie kutoka kitandani.