Kwa Mama Elda, Kuhusu Lile Ua la Kijani

Umetimia mwaka, Mama, tangu ulipokwenda kukaa kwenye benchi lako baada ya chakula cha mchana na usinyanyuke tena. Ilikuwa Julai kama sasa, ngano imeshavunwa, mashamba yamebaki mabua matupu hadi macho yanapoishia, na maua yako ya ekinesia yamefunguka yote. Baba alidhani umepitiwa na usingizi. Alikufunika uso kwa kofia jua lisikuchome, akarudi ndani akinyata asikuamshe.

Tunapenda kuamini kwamba kweli ulikuwa umelala, nyuki wanavuma, na safari yako ikaanzia humohumo usingizini.

Watu wengi waliijua bustani yako kabla ya kulijua jina lako. Upande wa kusini wa nyumba, pasipo na mti hata mmoja, jua linapopiga tangu asubuhi hadi jioni, ndipo ulipopanda mimea yako ya kudumu, ile inayokauka wakati wa theluji na kuchipua yenyewe baridi ikiisha. Maua yalikuwa mengi mle, lakini roho yako ilikuwa kwa ekinesia: petali za zambarau zimeinama chini, na katikati kichwa cha miiba kama kalunguyeye aliyejikunja.

Hukuzidekeza. "Ukiipa mbolea inanenepa, halafu inalala chini kama mlevi," ulikuwa ukisema. "Ipe jua, iache ipambane." Uliimwagilia maji mwaka wa kwanza tu, ikiwa bado changa, baada ya hapo ijitegemee. Ndivyo ulivyotulea na sisi, na mwanao Delton hadi leo analalamika.

Na zile mbegu! Katikati ya baridi, theluji imefika vifundoni, unatoka na mabuti ya Baba, gauni la kulalia linachungulia chini ya koti, unazitawanya mbegu juu ya weupe ule polepole, kama mtu anayelisha kuku. Sisi watoto tulikuwa tunakuchungulia dirishani, kioo kimejaa ukungu wa pumzi zetu. Nikikumbuka leo sijui kama niliona kweli au niliota. Ulituambia mbegu isiyoonja baridi haiamki.

Baba, mkulima wa ngano, alitaka kila kilichokauka kikatwe. Kila mwaka majani yakianza kupukutika, ugomvi ni uleule.

"Elda, watu watasema hapa hakuna mwanamume. Mabua yanasimama mpaka Krismasi!"

"Waseme. Chiriku wangu watakula nini, mikate yako?"

"Nikate yale ya mbele tu, jamani."

"Gusa, Orlin. Gusa uone kama utakula leo."

Hakugusa. Na chiriku walikuja, wakaning'inia kwenye vile vichwa vikavu wakidonoa mbegu, theluji inaanguka bila sauti, nanyi wawili mmekaa dirishani na kahawa yenu, hamsemezani, mmeridhika.

Ulipoondoka, Baba hakulia. Sisi tulilia mpaka tukakauka. Yeye alisimama kaburini kama anayesubiri wimbo uishe aende nyumbani. Kisha akaanza kukuzungumzia kana kwamba uko chumba cha pili. "Mama yako halipendi hilo pazia." "Ngoja tumuulize Mama yako." Kanisani akaacha kwenda. Chakula akawa anakichezea tu. Ndevu zikaota ovyo. Tukimwambia neno, anageukia ukuta. Mimi binti yako, Marlys, nilifunga nyumba yangu ya mjini nikarudi kwenye chumba changu cha usichana, maana niliogopa kwamba tutachimba kaburi la pili kabla la kwako halijaota nyasi.

Ndipo mwaka huu, maua yalipoanza, likatokea moja la ajabu. Lilikuwa kwenye shina lililo karibu kabisa na benchi. Halikuwa la zambarau bali la kijani, petali zimegeuka majani madogo, na juu ya kichwa chake vimechomoza vichwa vingine vidogovidogo, kila kimoja na kikonyo chake. Hatukuwahi kuona kitu kama hicho. Baba ndiye aliyeliona kwanza.

"Marlys! Njoo, njoo haraka. Mama yako kaleta kitu!"

Nami niliamini, Mama. Nani asingeamini? Bustani nzima ina maua, na hilo moja linaota palepale ulipokuwa umekaa. Siku ileile Baba alinyoa ndevu. Kesho yake alichukua kahawa yake, akaenda kukaa kando ya lile ua, akalisimulia mavuno yalivyokwenda na nani kijijini kamposa nani. Akaomba nimpikie verenike, zile kama sambusa za kuchemsha zenye jibini ndani, akala sahani nzima, akauliza kama zimebaki. Delton akaja kutoka Wichita na mkewe Roxanne na watoto, na yule mdogo, Britta, akalibusu ua akasema linanukia kama Bibi.

Alasiri moja nilikaa nami pale. Joto lilikuwa limelala juu ya kila kitu, hata upepo umechoka. Kati ya kulala na kuamka nilihisi mkono wako unaniweka nywele sawa, unazisogeza nyuma ya sikio kama zamani. Sikufungua macho. Nilibaki hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikanifikia.

Halafu akaja Bi. Twila. Jirani yako, shoga yako na mshindani wako wa maua wa miaka yote, alikuwa kwa binti yake huko Oregon tangu wakati wa baridi. Alikuja na mkongojo wake, akasimama mbele ya ua muda mrefu. Nilidhani atalia.

"Nani kaliacha hili hapa?" akauliza.

"Ni salamu za Mama, Bi. Twila."

"Salamu! Mwanangu, huu ni ugonjwa." Akaligusa kwa ncha ya mkongojo. "Kuna vidudu vinarukaruka, vinafyonza mmea mgonjwa kisha vinakwenda kuudunga mzima. Dawa hakuna. Unang'oa na mizizi yake, basi. Elda angelikuta hili asubuhi, mchana lisingekuwepo."

"Taratibu, tafadhali. Baba yuko dirishani."

Akanisogelea sikioni. "Haya, basi tazama kule nyuma."

Nikatazama. Mashina mengine mawili, vichwa vinaanza kugeuka kijani.

Nikampigia Delton simu.

"Liache," akasema. "Bustani nzima ikifa, ife. Mzee anakula, Dada! Juzi kacheka, nimesikia kwa masikio yangu."

"Bustani ni ya Mama, Delton. Ndiyo iliyobaki."

"Na ukiling'oa akarudi kugeukia ukuta? Utamzika wewe?"

Nikamsikia anavuta makamasi, na simu ikakatwa sijui na nani kati yetu.

Siku zikapita, na kila asubuhi kijani kiliongezeka. Najua ungenifokea, Mama. Ungesema, Marlys, unangoja nini, unangoja mpaka libaki benchi peke yake? Mwishowe nilikwenda nikakaa karibu na Baba, kahawa yake haijapoa.

"Baba, lile ua linaumwa."

Akanitazama kama nimemtukana. "Nani kasema?"

"Bi. Twila."

"Twila! Twila anamwonea wivu mama yako tangu wako shule ya Jumapili."

"Sawa, mwache Twila. Njoo uone mwenyewe."

Hakutaka nimshike mkono. Alipita shina kwa shina, ameinama, anageuza majani kwa kidole gumba kama anavyokagua ngano yenye kutu. Ngano aliilima maisha yake yote. Ugonjwa shambani anaujua. Alipofika mwisho alinyooka, akaitazama bustani iliyobakia zambarau, imejaa nyuki, inayumbayumba kidogo ndani ya joto.

"Litaua hizi zote," akasema.

"Ndiyo, Baba."

Akarudi kwenye benchi akakaa, nami nikaingia ndani. Kupitia dirisha la jikoni niliona midomo yake inacheza. Sijui alikuambia nini, hayo ni yenu wawili. Kisha akapiga magoti, mzee yule na magoti yake mabovu, akachimba kuzunguka shina kwa mikono, akavuta. Mzizi wa ekinesia unakwenda chini sana, hauachii upesi. Alivuta, akapumzika, akavuta tena, mpaka akaangukia nyuma nao ukiwa mkononi, mzima.

Nikatoka mbio. Nilimkuta amekaa kwenye udongo, ua liko mapajani.

"Si yeye," akasema.

"Si yeye, Baba."

"Mama yako amekufa, Marlys."

Mwaka mzima hakuwahi kulitamka. Alilisema polepole, kama anayelijaribu kwanza ulimini, halafu akalia. Mama, Baba alilia! Alilia kwa sauti, mabega yanaruka, anaita jina lako. Nikamkumbatia, tukalia wote wawili katikati ya maua yako, udongo umetujaa hadi usoni, na Bi. Twila amesimama barabarani na mkongojo wake, naye analia, haoni njia ya kuingia. Nilikuwa nimeogopa kilio kile kwa mwaka mzima, na kilipokuja kilitufaa.

Yote yaliyougua tuliyang'oa, tukayafunga kwenye mifuko, tukayapeleka mbali. Sehemu kubwa ya bustani imepona. Baba bado ana siku mbaya, anaweza kulia juu ya bakuli la supu, nasi tunamwacha alie. Lakini anakula. Jumapili iliyopita alikwenda kanisani, akaketi na wenzake wa kwaya, wa sauti ya besi, na waliokaa nyuma wanasema aliimba kupita wote.

Unakumbukwa na mumeo, Orlin Goertzen; na watoto wako, Marlys na Delton; na mkweo, Roxanne; na wajukuu zako, Joel na Britta; na dada yako, Hulda, ambaye bado anakasirika kwamba ulimtangulia; na Twila Unruh, aliyetaka aandikwe pamoja na familia, la sivyo atagombana nasi sote.

Hatukutafuti tena kwenye maua, Mama. Tunakukumbuka ukiwa umekwenda kweli, na hivyo ndivyo tutakavyokukumbuka siku zote tutakazoishi.