Seva ya Zahanati na Jina la Zamani

Jumatatu, 3 Juni 2024
Baridi ya mji wetu wa Kanye, hapa Botswana, leo inauma hadi kwenye meno. Nimekagua seva ya zahanati: cheti chake cha usalama kinaisha Jumamosi saa sita mchana. Kikiisha, mgonjwa akifungua tovuti kuangalia siku yake ya kliniki, simu itamwambia hapa si salama — naye atafunga, abaki nyumbani.

Sista Gaone, mkuu wa zahanati, amepiga simu. Kwa upole, lakini amesema: safari hii mzee akishindwa, kazi inakwenda kwa vijana wa Gaborone. Mume wangu ameitunza seva hiyo tangu iwashwe. Siku hizi husahau hata kama ameshatia sukari.

Ningeweza kuomba cheti kipya mwenyewe, kimyakimya. Lakini nataka akiombe yeye.

Jumatano, 5 Juni
Nimemweleza tena, polepole, kama nilivyowaeleza wanafunzi wangu wa kompyuta kabla ya kustaafu. Cheti ni kitambulisho: tovuti humwonyesha mgeni, ajue ndiyo yenyewe. Nacho kina mwisho wake. Alinisikiliza, kijiko cha uji hewani.

"Ao, Mwalimu! Unanifundisha kazi yangu?"

Tukacheka! Baadaye kidogo akaniuliza cheti ni nini.

Alasiri akaniita Sethunya. Tangu mwanetu Tumo azaliwe mimi ni MmaTumo, mama wa Tumo, kwake na kwa mji mzima. Jina la usichana! Nimeitika. Sikumsahihisha.

Ijumaa, 7 Juni
Hakuweza. Alikaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani. "Leo mashine haitaki salamu," akasema. Nikamletea chai.

Jumamosi, 8 Juni
Nimekiomba mwenyewe. Kimekuja — nimekiona kwenye faili, kinaisha Septemba. Nikafungua tovuti kwa simu. Bado inaonyesha cheti cha zamani, mwisho wake tarehe ile ile ya leo! Nikarudia. Ile ile.

Sista akapiga: "MmaTumo, niwaite vijana?" Nikamwomba asubiri kidogo.

Mume wangu alikuwa nyuma yangu, blanketi mabegani. Akachungulia.

"Umeiambia isome upya?"

Aibu! Jambo nililowafundisha wanafunzi maisha yangu yote. Seva husoma cheti inapowashwa, kisha hukishikilia hicho hicho mpaka iambiwe isome tena. Kipya kipo, chini ya pua yake, wala haikioni.

"Usiigombeze," akasema, akiipapasa kompyuta kama ndama. "Inashika ilichokijua."

Nimempisha kiti. Ameandika amri bila kusita. Sasa mashine inataka nywila kuu, ambayo hakuwahi kumwambia mtu, hata mimi. Saa sita inakaribia. Simu ya Sista inaita, sipokei. Yeye anatazama vitufe, midomo inatembea.

"Sethunya," ananiambia, "geuka huko. Ni siri."

Nimegeukia ukuta, naandika nikiwa nimesimama. Nasikia kitufe kimoja. Kingine. Kimya.

Kingine —