Mama Dorika hakusema hivyo

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 4 mwezi wa tatu

Rapoti tano mezani. Nimefuta "waliuawa", nimeweka "walipoteza maisha". Nimefuta "walichoma nyumba", nimeweka "nyumba ziliharibika". Ajenti wetu anayetuma rapoti kutoka Irumu anaandika vizuri kuliko wote, kwa hiyo yeye ndiye ninamukata zaidi. Kurasa zake tatu zimekuwa mistari ine. Mustari wa mwisho ni ule wa kila juma: kwa jumla hali iko tulivu.

Miaka sita ninaandika na kusahihisha habari za serikali ya jimbo hapa Bunia. Karatasi moja kila juma. Ya Kifaransa inaenda kwa wakubwa. Ya Kiswahili inasomwa redioni siku ya ine na kubandikwa sokoni, hospitalini, kambini.

Zamani kukata hivyo kulikuwa kunaniuma. Leo sikusikia kitu. Nilikunywa chai na mukate, nikasahihisha, nikasaini. Mvua haijaanza. Vumbi ya mapikipiki inaingia dirishani, ninaipangusa na rapoti za juma lililopita.

Siku ya tatu, tarehe 6

Muzee Faustin, direkta wetu, ameniita. Wakubwa wanataka watu wa kambi, wale waliokimbia vita, warudi kwao Gety. Malori iko tayari. Karatasi ya juma hii inapaswa kuwa na mutu wa kambi anayesema. "Jina, picha, maneno mbili tatu," alisema. "Maneno mazuri."

Nilipanda pikipiki mpaka kambini. Joto. Watu walikuwa wananiangalia viatu. Mwanamuke mumoja alikuwa anamenya mihogo mbele ya kibanda cha shitingi, ile plastiki ya msaada. Mama Dorika. Mujane. Anaishi na mama wa marehemu bwana yake, koko mukongwe asiyeweza tena kutembea. Alinipa kiti, yeye akabaki chini.

Nikamuuliza kama atarudi kwao.

"Mimi nitarudi," alisema. "Nitarudi siku ile watu wa Gety watalala bila viatu mu miguu. Ile siku, hata bila lori nitarudi."

Niliandika yote, nikamupiga picha. Sikuhitaji kuelezwa. Nikiwa binti, siye pia tulilala na viatu, miaka ile ya vita, tayari kukimbia.

Nilipofika biro, mezani kwangu, nikachukua mwanzo na mwisho, nikaacha katikati. *"Mimi nitarudi," anasema Mama Dorika kwa furaha. "Hata bila lori nitarudi."* Kila neno ndani ya alama za usemi ni lake. "Kwa furaha" tu ndiyo yangu.

Muzee Faustin alisoma mara mbili. "Hapa umefanya kazi," akasema.

Siku ya ine, tarehe 7

Sokoni, nikinunua samaki wa moshi wa Tchomia, redio ya muuzaji ilikuwa inasoma karatasi yetu. Bosco, musomaji wetu, iko na sauti inayofanya kila kitu kiwe kweli. Muuzaji alisikiliza kidogo, akapunguza sauti, akaendelea kupanga samaki.

Nyumbani mama yangu alikuwa amesikia pia. "Huyo mama iko na roho nguvu," alisema. "Kurudi kule?"

Nikasema ndiyo. Kisha tukakula.

Siku ya kwanza, tarehe 11

Amekuja.

Sentineli alimuzuia Mama Dorika mulangoni. Nilisikia jina langu la kazi, "ule mama wa kuandika", nikatoka. Nikamuingiza. Karatasi yetu ilikuwa mukononi mwake, imekunjwa mara ine. Hajui kusoma. Walimusomea.

"Ni siku gani nilikuambia hii?"

"Siku ya tatu, mama. Ulisema utarudi."

"Nilisema nitarudi siku gani?"

Nikamuvutia kiti.

"Jibu, mwanangu. Weye ulikuwa unaandika, mimi nilikuwa nakuangalia mukono. Nilisema siku gani?"

"Siku watu watalala bila viatu."

"Basi. Iko wapi hapa?"

Aliweka kidole juu ya picha yake mwenyewe. Hakuna mutu biro aliyeinua kichwa. Masini ya kuchapa iliendelea.

Akanieleza bila kupandisha sauti. Watu wa malori walikuja kambini na karatasi mukononi, wakasema: mwenzenu mwenyewe anaomba kurudi, nyinyi munangoja nini? Jina lake sasa ni la kwanza kwenye listi ya lori ya kwanza. Atakayebaki hatapewa tena unga. Wenzake wanasema amewauza. Jirani yake hamupi tena moto wa kuwashia.

"Na koko nitamupandisha je mu lori?" aliniuliza.

Nilimwambia nitasahihisha. Alinitazama kama mutu anayetazama dawa iliyopita tarehe. Akaenda.

Siku ya pili, tarehe 12

Niliandika mistari mitatu ya kusahihisha. Safi, fupi. Nikaiweka mbele ya Muzee Faustin.

"Siye hatusahihishaka," alisema. "Siye tunatoa karatasi ingine."

"Muzee, ni mimi nilikata maneno yake. Sasa wanamupeleka."

"Wanapeleka watu wote. Hata bila weye wangewapeleka."

"Lakini wanatumia jina lake."

Alivua miwani, akasugua macho. Si mutu mubaya. Alizika watoto wawili mu vita, ananiambiaka majina yao anapochoka. "Ukifungua neno moja, yote inafunguka," alisema. "Miaka sita ya karatasi. Unataka nianze kufungua wapi?"

Aliweka mistari yangu ndani ya droo. Hakuipasua. Ningeelewa zaidi kama angeipasua.

Nikarudi mezani. Rapoti za juma hili zilikuwa zinangoja. Nikazikata. Mukono unajua kazi, hauniulizi.

Siku ya tano, tarehe 15

Lori ya kwanza imeondoka saa tatu ya asubuhi. Nilimwambia sentineli ninaenda hospitali.

Watu arobaini hivi, vitanda, sufuria, kuku, baiskeli moja bila gurudumu. Koko walimupandisha juu ya kiti cha plastiki, wanaume wanne, kama wanapandisha kabati. Hakulia. Alikuwa ameshika mufuko wa mbegu za maharagi.

Mama Dorika alikuwa nyuma kabisa, karibu na mulango wa lori. Nikamwambia anisamehe.

"Mimi sikukuja kwako kutafuta pole," alisema. "Andika vile nilisema. Basi."

Mupiga picha wetu alikuwa pale. Amepiga picha ishirini. Nitaandika mimi maneno ya chini.

Niliyaandika. "Wakimbizi wa Gety wakirudi kwao."

Siku ya Mungu, tarehe 17

Misa. Padri alisema mambo mengi, sikushika hata moja. Mama aliniuliza kama ninagonjwa. Hapana. Niko kama mutu aliyelalia mukono: mukono iko, lakini si wangu.

Siku ya ine, tarehe 21

Bosco ana malaria. Muzee Faustin alinituma redioni kusoma mahali pake. "Weye unajua maneno yote," alisema.

Chumba kidogo, blanketi kwenye ukuta, harufu ya jasho. Fundi alinionyesha taa nyekundu: ikiwaka, watu wanasikia. Nilisoma bei ya kantini mpya za shule, chanjo, barabara, watu wa Gety waliopokelewa vizuri. Nilifika mustari wa mwisho: kwa jumla hali iko tulivu. Taa ilikuwa bado inawaka.

Sikupanga. Ninaandika hapa kwa kuwa hakuna mutu atakayesoma: sikupanga. Nilisema:

"Juma mbili zilizopita tuliandika kwamba Mama Dorika wa kambi anarudi Gety kwa furaha. Mama Dorika hakusema hivyo. Alisema atarudi siku ile watu wa Gety watalala bila viatu mu miguu. Maneno hayo nilikata mimi."

Fundi aliinua kichwa. Akaweka muziki.

Nje jua lilikuwa kali. Nilinunua maji, nikanywa yote nikiwa nimesimama. Moyo haukuenda mbio. Nilingoja uende.

Siku ya tano, tarehe 22

Barua ya kuniomba maelezo ilikuwa mezani kabla sijafika. Saa arobaini na nane za kujibu. Mihuri mbili. Ndani kuna kosa la tahajia, sikulisahihisha.

Nikajibu mustari mumoja: nilichosema ni kile kilichosemwa.

Muzee Faustin alipita mezani kwangu, akasimama. "Umenifanyia mubaya, mwanangu," alisema. Sauti ilikuwa ya mutu aliyechoka tu. Kweli nimemufanyia mubaya.

Siku ya tatu, tarehe 27

Hawakunifukuza. Wamenitoa kwenye maandishi, wamenipeleka koridoni kupokea barua zinazoingia. Ninapiga muhuri, ninaandika tarehe, namba, nani ametuma, kisha ninapeleka kwa mwenye kufungua. Siruhusiwi kufungua.

Lori ya pili ilikuwa iondoke leo. Watu wa kambi wamekataa kupanda. Wamekaa chini mbele ya magurudumu, wanawake mbele. Wanasema walisikia redio. Lori ikageuka tupu. Karatasi ya kesho itasema safari imesogezwa mbele kwa sababu ya mvua. Bosco amepona, ndiye ataisoma.

Mama alisema leo, akichambua mchele: "Baba yako angekupiga. Kisha angeenda kujisifu kwa jirani." Ni mara ya kwanza juma hili nilicheka.

Siku ya pili, tarehe 2 mwezi wa ine

Bahasha ya ajenti wa Irumu. Nilijua mwandiko wake. Nilipiga muhuri, nikaandika namba. Nikaifungua.

Kurasa tatu. Usiku wa tarehe 30, risasi pale walipowashusha watu wa kambi. Nyumba zimechomwa. Watu wamekimbia kwa miguu kuelekea Bunia, wengine hawajulikani walipo. Ameandika majina ya waliouawa aliowajua. Nilisoma majina yale nikiwa nimesimama koridoni. Mama Dorika hayumo. Koko hayumo. Hiyo haimaanishi kitu.

Nikaifunga na gundi, nikaipeleka ndani. Mwenye meza yangu ya zamani alianza kuikata mbele yangu. Anakata vizuri. Nilimufundisha mimi.

Siku ya tatu, tarehe 3

Nilienda kambini baada ya kazi kumutafuta Mama Dorika. Hajafika.

Siku ya ine, tarehe 4

Hajafika. Mvua ya kwanza.

Siku ya Posho, mwisho wa juma, tarehe 6

Amefika jana, pamoja na wengine kumi na wawili. Kibanda chake cha zamani kilikuwa kimeshapewa watu, wamemupa mahali pengine karibu na mutaro. Miti ilikuwa imesimama, shitingi ilikuwa bado chini. Alikuwa peke yake anajaribu kuifunga. Nikashika upande wa pili.

Alinieleza tukiwa tunavuta. Walimubeba koko kwa zamu, siku mbili. Asubuhi iliyofuata, karibu na kijito, aliomba wamuweke chini apumuzike. Walipotaka kumuinua alikuwa ameshaenda. Walichimba na jembe moja na sahani. Walisali haraka, wakaendelea.

Alisema hayo kama anavyoeleza njia. Hakunilaumu. Ningependa anilaumu. Nilingoja kilio changu kije, hakikuja, nikaendelea kushika shitingi.

"Nilisikia ulisema redioni," aliniambia. "Kule hakuna redio. Wamenieleza hapa jana. Iko mama mumoja aliyekumbuka kila neno."

"Ilichelewa," nilisema.

"Ndiyo. Ilichelewa."

Mvua ilikuwa inakuja upande wa milima, tuliona weusi wake. Alinionyesha namna ya kukunja pembe mara mbili ili kamba isipasue. Pembe ya kwanza nilikosea. Akaifungua, akanirudishia.

Kisha akasimama, mukono juu ya muti wa nyumba.

"Weye unaitwa nani? Sikukuulizaka."

Nikamwambia. Alirudia jina langu mara mbili, polepole, mupaka akalishika vizuri.

Tukafunga pembe ya pili.