Matanga ya Uongo

Jumatatu, 6 Machi 1989

Sare za shule zimenimaliza mgongo. Hamisi alikuja kabla sijainuka kwenye cherehani, ati twende tukaone nyumba. Nyingine tena. Mwenye nyumba hii ya Kaloleni anaitaka kabla mwezi haujaisha, na Mama hawezi kuhamahama na miguu ile. Kaka yangu ndiye mnunuzi. Mimi nina macho tu.

Iko chini ya Nyalenda, upande wa ziwa. Matofali, mabati mapya. Anayeuza ni Mzee Okelo, mpole kupita kiasi. Nyumba niliipenda, sidanganyi. Ila chumba kimoja kimefungwa, madirisha yamebandikwa magazeti kwa ndani. Mzee akasema ni cha marehemu bibi yake mkubwa, mke wa kwanza. Mila ya kwao, ati, mgeni haingii humo wala hapiti nyuma ya ua mpaka matanga yaishe. Tukainamisha vichwa, tukampa pole. Mila ya mtu haiguswi.

Jumatano, 8 Machi

Tumerudi. Jua kali, mashamba yote huko chini ni majani makavu. Lakini juu ya ua wa Mzee Okelo naona mahindi yamechungulia, kijani kibichi. Mkokoteni wa mitungi ya maji ukapita mbele yetu kwenda huko nyuma. Nani anamwagilia mahindi wakati mji mzima unalilia maji? Na harufu. Nzito, tamu, inakaa kooni. Mzee alikuwa akichoma kinyesi cha ng'ombe mlangoni, ati anafukuza mbu. Mbu saa sita mchana!

Nilipouliza, Hamisi alinikanyaga mguu. Njiani akanigombeza, ati mdomo wangu utamharibia. Nimekasirika mpaka nimeunguza wali.

Jumamosi, 11 Machi

Bondo, kwenye matanga ya kaka wa jirani yangu Mama Awuor. Nimekata vitunguu na akina mama wa kwao tangu asubuhi. Lango wazi. Milango wazi. Watoto wanaingia chumba cha marehemu na kutoka, wageni wamejaa hadi jikoni. Nikabaki na kisu hewani.

Nimezaliwa kati ya Wajaluo. Nimekula matanga yao, nimelala kwenye mikeka yao. Sijawahi kuona matanga ya kufungia watu mlango. Kufiwa kwao ndiyo siku ya kufungua kila kitu! Lakini ndivyo tulivyo sisi Waislamu wa Kaloleni, ukitutajia mila ya mtu tunafumba macho, tunaogopa kuonekana hatuna adabu. Mjinga mimi. Na harufu ile nimeikumbuka sasa. Ni ile ya vijana wa nyuma ya soko.

Bangi.

Jumapili, 12 Machi

Nimemwambia Hamisi. Akasema tumeshapeana mikono, hawezi kumtukana mzee aliyefiwa. Nikamwambia serikali haiulizi nani alipanda, inauliza shamba ni la nani. Akavuta viatu vyake. Halafu akasema karatasi zinatiwa saini Jumatano, akaondoka bila kunywa chai. Hamisi kuacha chai!

Jumatatu, 13 Machi

Nimeenda peke yangu. Mzee hayupo. Mwanamke mnene, amejitwika mtungi, akaniuliza namtaka nani. Nikamuuliza yeye ni nani.

"Mimi ndio bibi yake mkubwa."

Marehemu huyo. Anatoka jasho. Wallahi sikujua nicheke au nipige mtu.

Nikajitaja, dada yake Hamisi. Akadhani nimetumwa, akanifungulia njia mwenyewe. Mahindi ni mistari ya mbele tu, pazia. Nyuma yake bangi, imenipita urefu. Chumba cha magazeti kimejaa matawi, yananing'inia kwenye kamba yakauke. Mama wa watu akaona uso wangu, akanituliza.

"Usiwe na wasiwasi. Hamisi alikubali tuvune hii kwanza, ndio tuhame."

Hamisi alikubali. Nimetembea hadi nyumbani na sikumbuki njia.

Jumanne, 14 Machi

Nilimngoja, nikasema yote mbele ya Mama. Hakukana. Ati Mzee amempunguzia bei kwa sababu hiyo, ati ni msimu mmoja tu, ati polisi hawafiki kule chini. Nikamuuliza kama karatasi zina jina lake.

Zina jina la Mama. Ati nani atamfunga mwanamke mzee?

Nilishika kiatu. Ningempiga, naapa. Mama aliinua mkono nikakaa.

"Hamisi. Ungeniletea chakula huko ndani?"

Mbwa huyu. Hata uongo hakuutafuta.

Jumatano, 15 Machi

Alikuja asubuhi na koti lake la Idi, kumchukua Mama akatie kidole. Mama alitia komeo. Hamisi akabisha, akabembeleza, majirani wakatoka kutazama. Sikuona haya hata kidogo.

Jumamosi, 25 Machi

Tumehamia Nyalenda, chumba cha kupanga. Bomba moja, foleni ndefu. Mabati yanavuja, na mvua ndiyo kwanza imeanza.

Mzee Okelo alishapata wateja wengine, mwalimu na mkewe. Jana nilimvizia yule mke njiani nikamwambia asikubali kuoneshwa sebule tu, aombe kupita nyuma ya ua. Alinishukuru kwa wasiwasi. Sijui atafanya nini.

Hamisi alikuja kubeba kitanda cha Mama. Akakifunga vizuri, akakijaribu kwa mkono. Sikumsalimia. Alipotaka kuaga, Mama akamwomba kitu kimoja, kwa sauti ya kawaida kabisa. Amrudishie kitambulisho chake, kile alichokichukua kwa ajili ya karatasi za nyumba.

Akakitoa mfukoni mwa shati. Mama akakitazama, akakifunga kwenye pindo la leso, fundo la kwanza, la pili. Hamisi akaenda zake.

Mama sasa amesinzia. Fundo ameliweka chini ya shavu.