Mnyama Aliye Stoo

Mwanangu,

Najua umejifungia kwa sababu hutaki kuniona. Nawahi kazini. Chai iko kwenye chupa.

Yule mnyama yuko stoo, ndani ya kreti, nimemfunika gunia. Usimfunue. Afisa wa wanyamapori niliyempigia simu atafika saa nne. Mwonyeshe jeraha la mgongoni, umwambie ni la beleshi.

Mama yako akirudi kutoka zamu, ~~mwambie tulimkuta ameshaumia~~ hapana. Mwambie baba ndiye aliyempiga.

Nilipomwona asubuhi pale kwenye tangi, magamba mwili mzima, nilidhani ni kitu kibaya tumetumiwa. Nikataja jina la Mungu, nikapiga. Wewe ulikuwa unalia, "Baba, ngoja nilete kitabu tumwangalie!" Nikakujibu kwamba mtoto hamfundishi baba yake. Mimi huyu, ninayetoka kila jioni na daftari kwapani kwenda kufundishwa kusoma na kijana wa rika la kaka yako!

Baadaye nilifungua kitabu chako. Nilisoma polepole, kidole juu ya mstari. Ni kakakuona. Anakula mchwa na sisimizi, hana hata jino moja, na akiogopa hujikunja tu. Nilimpiga akiwa amejikunja.

Mungu nimeshamwomba msamaha kwa kupiga magoti. Kwake sikuona aibu. Kwako naona, ndiyo maana nimeandika. Nisamehe, mwanangu.

Baba yako