Usitafute Mvujo kwa Kidole

Baba,

Supu ya tambi iko jikoni, ipashe moto. Nimekwenda kwa shangazi.

Asubuhi nilizima trekta na kukufokea mbele ya Baba Mdogo Verlin kwa sababu ulikuwa unapapasa kwa kidole mpira unaopeleka mafuta ya presha kwenye makasi, kutafuta unapovuja. Presha inayofunga yale makasi ya kukatia miti uliyoyaunda mbele ya trekta, hata yakakata mwerezi mzima, haishindwi kusukuma mafuta yakatoboa ngozi. Ukacheka, “Haya, fundi mkuu!” lakini kahawa hukuigusa.

~~Usiguse makasi mpaka nirudi.~~ Makasi yako ni mazuri, Baba. Mvujo utafute kwa kipande cha boksi, nimekuwekea kwenye kiti cha trekta.

Kesho kanisani ni kuoshana miguu, na haoshi mtu mwenye kinyongo. Mimi nitaosha miguu ya wanawake, wewe ya wanaume, hatutakutana. Basi nakuomba radhi hapa. Nisamehe kufoka. Kuzima trekta, nitazima tena.

Binti yako,
Lavonda