Mitumbwi ya Ijwi

Jumapili, 3 Agosti 2025

Ntakirutimana tena. Ijumaa, kwenye karamu ya mavuno, Umuganura, hapa mtaani kwetu Niboye, alisimama na glasi mkononi akawasimulia majirani vita vya Ijwi. Muuza makabati wa Gisozi anafundisha historia! Eti wazee wake walivuka Ziwa Kivu kukipiga kisiwa, wakaachwa mchangani mpaka mishale ikawaishia, kwa sababu mkuu wa mitumbwi aligeuza akarudi nyumbani. Jina hakutaja. Alinitazama mimi tu.

Mkuu wa mitumbwi alikuwa baba wa babu yangu.

Niliweke sawa, hata kama ni kwa daftari hili peke yake. Mfalme Rwabugiri alikishambulia kisiwa cha Ijwi zaidi ya mara moja. Jeshi la nchi kavu likifika ziwani, roho yake iko mikononi mwa wapiga makasia. Kwetu tumesema siku zote: baba wa babu aliongoza, na mguu wake ndio wa kwanza kukanyaga kisiwa. Nimewafundisha wanangu hivyo tangu tulipokuwa wakimbizi Karagwe.

Na tarehe 16 mtu huyu anakuja kwangu kuposa. Mjukuu wake Conrad anamtaka mjukuu wangu Shallon.

Jumatano, 6 Agosti

Harriet, mama yake Shallon, ananiomba nimwachie mzee mwingine aseme. Nimekataa. Mimi ni msemaji wa wenyeji, Ntakirutimana wa wageni. Kwenye gusaba, sherehe ya posa, wasemaji wawili hupimana maneno, hutaniana juu ya koo zao, ndipo binti atolewe. Kwa kawaida ni mchezo. Huu hautakuwa mchezo. Nimemwambia Harriet: akitaja mitumbwi mbele ya watu, posa imekufa, na ng'ombe wake arudi naye Gisozi.

Shallon alisikia. Aliosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Jumatatu, 11 Agosti

Ntakirutimana amepiga simu, ati kupanga saa ya kufika. Kwa Kiswahili chake cha Bukavu: "Mwalimu, sisi tutakuya na miguu, ao mutatutumia mitumbwi?" Nikamwambia aje na viti vyake, maana vile alivyoniuzia vilivunjika Pasaka.

Nitammaliza kwa ushahidi. Babu alinisimulia vita vile mwaka 1969, nami nikaandika neno kwa neno. Daftari limo kwenye sanduku la bati.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimelipata.

Wino wa bluu, mwandiko wangu: "Baba aliona moto kisiwani, akageuza. Mitumbwi kumi na minne, mitupu. Hakumwambia mtu ila mimi." Maneno hayo yamekatwa kwa mistari miwili ya kalamu nyekundu. Nyekundu ni yangu pia. Nilikuwa na miaka ishirini na moja.

Bado namchukia Ntakirutimana. Leo zaidi.

Jumamosi, 16 Agosti

Chumbani kwa Harriet, daftari gotini. Nje kuna hema na watu mia mbili.

Niliwasimamisha wageni getini dakika arobaini, juani. Makusudi. Ntakirutimana aliingia akijipangusa jasho, akaketi, akaanza kwa heshima zote. Kisha akauliza: kabla hatujawapa kijana wetu, ndugu zetu, tuambieni — safari hii mitumbwi ikigeuka, nani atabaki mchangani?

Hema lilicheka. Mstari wa mbele haukucheka. Conrad aliinamisha kichwa. Nikaomba dakika kumi za kushauriana na familia; ni haki ya wenyeji.

Shallon anasubiri humu humu. Binti haonekani mpaka wasemaji wakubaliane. Amevaa mushanana, amesimama ili asiukunje. Nilimpa lile daftari la zamani. Kiswahili anakisoma pole pole, kidole chini ya neno. Kikafika kwenye nyekundu, kikasimama.

"Babu, yule mzee anayajua haya?"

Nikasema ameyajua tangu utotoni.

"Na wewe?"

Tangu juzi, nikasema. Halafu nikasema: tangu 1969.

Nikaanza kumweleza ziwa lile lilivyo, upepo wake, jinsi moto wa kisiwani unavyoweza kumdanganya mtu aliye majini. Akanikatiza.

"Kwa ufupi, Babu. Ukitaka kuivunja posa, mwambie Conrad mwenyewe, usimtume mtu. Ukitaka kusema haya, yaseme kwa ufupi."

Natafuta sentensi fupi. Nimeandika moja, nimeikata. Ya pili ina maneno matatu: mitumbwi ilirudi mitupu. Sijaikata.

Spika za nje zinakoroma, kisha sauti ya Ntakirutimana: "Wenyeji! Mitumbwi bado haijarudi?" Kicheko.

Shallon ameushika mlango, ameuacha wazi.